Safari ya Mama Mkubwa: Nairobi na Miji ya Reli

Daftari ninalo hadi leo. Ukurasa wa kwanza nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Nairobi, usiku saba. Naivasha, kwenda na kurudi. Nakuru, kwenda na kurudi. Kisumu, kama muda upo." Chini yake nimepiga mistari miwili, kama mwalimu aliyemaliza kusahihisha.

Mimi naishi Nakuru, Section 58, vyumba viwili na jiko. Nauza vipuri vya magari, kwa hiyo barabara nazijua kwa masikio tu, kupitia madereva wanaokuja kulalamikia shokabza. Siku moja Mama Mkubwa akapiga simu kutoka Mombasa. Ni dada mkubwa wa marehemu mama yangu, amevuka miaka 75, na alizaliwa hapa hapa Nakuru, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, babu alipokuwa fayamani, yaani mwasha moto, wa treni za moshi. Waliondoka akiwa na miaka 12, babu alipopewa uhamisho kurudi pwani. Akaniambia kabla magoti hayajamgomea kabisa anataka kuiona Nairobi kwa utulivu, kisha apande juu aone miji ambayo babu alikuwa akiitaja kila jioni, mpaka Kisumu reli inakokwama majini. Atakuja na binti yake, dada yangu Zuhura, na shemeji Salim. Siku nane. "Wewe ndiye mwenyeji," akasema, "panga."

Nikapanga kama ninavyopanga rafu za dukani. Nairobi ndiyo mji mkuu, basi walale huko siku zote, na kila asubuhi tutoke kwenda mji mmoja wa kikoloni, jioni turudi. Naivasha ni kama kilomita 90. Nakuru ni kama 160. Nikagawanya kwa 80, nikapata saa moja na kitu, saa mbili. Nikajiona bingwa. Malazi yangelipiwa mara moja, mabegi yasingehamishwa hamishwa, na jambo ambalo sikuliandika popote ni kwamba sikutaka walale kwangu. Bafu langu lina ndoo. Na isitoshe, Nakuru kwangu ni mahali pa kufungua duka saa mbili asubuhi na kufunga saa moja usiku, sikuona mtu angelala huko kutazama nini.

Nilipomsomea mpango kwenye simu alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo mwanangu, naja kwako nisilale kwako?"

Nikamjibu kwa kucheka, nikabadilisha mazungumzo. Laiti ningelisikia swali lile kama lilivyoulizwa, ningeokoa pesa na usiku mmoja wa maumivu ya mgongo.

Walikuja na treni ya mchana kutoka Mombasa. Wanaokumbuka treni ya zamani wanakumbuka kushukia katikati ya mji, unatoka nje unaona matatu na wauza karanga. Treni ya sasa, ile iliyoanza mwaka 2017, inakushusha Syokimau, nje kabisa, na ikifika ni usiku. Kuna treni ndogo ya kuunganisha hadi stesheni ya kati, lakini ukiwa na mzee na mabegi manne na katoni ya maembe, utataka gari. Ilikuwa pia wikendi ya sikukuu ya Mashujaa, na kila aliye na gari Nairobi alikuwa barabarani. Tulifika kwenye chumba nilichokodi karibu saa nne na nusu usiku. Kilikuwa ghorofa ya nne. Picha zilionyesha kitanda, pazia, na birika la umeme. Ngazi hazikupigwa picha.

Tangu siku hiyo, nikipiga simu kuulizia malazi swali langu la kwanza ni ngazi ngapi, la pili ni maji ya moto, na la tatu ni kuna baa gani chini. Bei naiuliza mwisho. Usiku ule baa ilikuwepo, na iliimba hadi alfajiri.

Hata hivyo siku moja ya Nairobi ilitoka vizuri, na ilitoka vizuri kwa sababu tulifanya jambo moja tu. Tulikwenda makumbusho ya reli, yale yaliyofunguliwa mwaka 1971, kwa miguu ni mwendo mfupi kutoka stesheni ya kati. Nilikuwa nimeyapa saa moja kwenye daftari. Tukakaa saa nne. Nje wameegesha injini za zamani kwenye majani, nyekundu, kubwa kupita akili. Zile kubwa zaidi ni za daraja la 59, zilizoletwa katikati ya miaka ya 1950, kila moja tani 250 hivi, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Shemeji Salim, Mtanzania ambaye huwa hana maneno mengi, alikuwa akitembea nyuma yetu mikono mfukoni. Ghafla tukasikia kelele. Alikuwa amesimama mbele ya injini imeandikwa Mount Shengena.

"Shengena! Huu ni mlima wa kwetu! Same! Upare!"

Akapiga picha kumi na mbili. Akampigia kaka yake simu ya video. Mtu mzima wa miaka 50 alikuwa akiigusa injini kama anayemkumbatia mjomba. Nami nikajiuliza ningewezaje kupanga jambo hilo katika daftari.

Mama Mkubwa yeye alikwenda moja kwa moja kwenye kichwa cha treni, akataka kupanda alipokuwa akisimama babu. Tukambeba nusu nusu, mimi na Salim. Nikasema, kwa kujifanya najua, kwamba kazi ya babu ilikuwa kusukuma makaa kwa koleo. Akaniangalia kwa huruma. "Makaa gani? Wakati wetu injini zilikuwa za mafuta. Baba alikuwa akirudi ananuka mafuta, nguo zake zinafuliwa peke yake." Tulipofika kwenye mabehewa ya abiria akaonyesha kwa fimbo. Daraja la kwanza, wazungu. La pili, Wahindi na wenye nafasi. "Baba alikuwa akiuwasha moto wa treni ambayo sisi tulipanda daraja la tatu." Alilisema bila uchungu, kama anayekuonyesha mlango wa choo ulipo.

Lipo pia behewa ambalo ndani yake simba alimuua ofisa wa polisi Charles Ryall, mwaka 1900, kwenye stesheni ya Kima. Alikuwa amejificha humo amvizie simba, akalala. Zuhura alilipenda hilo kuliko yote, mimi nikaona simba amepewa sifa nyingi mno katika historia yetu. Vibarua kutoka Bara Hindi waliokufa kwenye ujenzi wanakadiriwa kuwa 2,500 hivi, na wengi wao waliuawa na maradhi na ajali. Hao ukutani wanapata mistari michache.

Salim ndiye aliyeuliza swali ambalo lilinipa uti wa mgongo wa safari, ingawa sikujua wakati huo. Reli hii iliitwa ya Uganda, mbona iliishia Kisumu? Mhudumu mmoja akamweleza vizuri kuliko mwalimu wangu wa sekondari. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896. Mei 1899 reli ikafika kwenye kinamasi kilichoitwa Nairobi, ikaweka bohari kabla ya kupanda milima, na bohari ikageuka mji. Mwaka 1905 makao ya serikali yakahamishiwa hapo kutoka Mombasa. Desemba 1901 reli ikagusa ziwa pale Kisumu. Na wakati ule ardhi yote kuanzia Naivasha kwenda magharibi, pamoja na Nakuru na Kisumu, ilihesabiwa kuwa Uganda. Mpaka ulisogezwa mwaka 1902. Kwa hiyo reli ilifika Uganda kweli, ni Uganda iliyohamishwa.

Maana yake ni kwamba miji hii yote ni shanga za uzi mmoja, na Nairobi yenyewe ni shanga mojawapo. Mimi nilikuwa nimeigeuza Nairobi kigingi, nikawafunga wageni wangu kamba kama mbuzi, wazunguke na kurudi.

Siku ya pili ya mji mkuu sitaki kuieleza sana. Niliandika vituo sita, tukafika viwili. Jambo moja tu: tulisimama nje ya maktaba ya McMillan, yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931 na hadi 1958 ilikuwa ya wazungu pekee. Mama Mkubwa aliketi kwenye ngazi zile akakunja miguu, akala mahamri aliyokuja nayo kutoka Mombasa.

Jumapili ndiyo iliyolivunja daftari. Tulikodi gari la watu saba, dereva ni kijana wa Njoro ninayemfahamu kwa sababu ya bushi za mbele. Mwanzoni nilitaka wapande treni hadi Naivasha, kwa kuwa kuna reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2019, na karatasi zinasema Nairobi kwenda Naivasha. Bahati nzuri kijana huyu alinizuia. Reli ile inaishia upande wa Suswa, na ukishuka huko mji wa Naivasha bado uko mbali nawe. Jina la stesheni na jina la mji si kitu kimoja, na hili limewakuta wengi.

Tukashuka kwa barabara ya chini, ya Mai Mahiu, ili waone Bonde la Ufa. Hapo kwenye ukingo kuna kanisa dogo sana lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa kivita wa Kitaliano, wale wale waliokuwa wakichonga barabara. Mama Mkubwa, na tasbihi yake mkononi, aliingia, akatazama, akatoka, akasema, "Mtu akiwa mbali na kwao hujenga anachokikumbuka." Naivasha kwenyewe tulikula samaki, tukaona viboko kwa mbali, tukaona majengo machache ya zamani karibu na reli. Ni mji wa kupitia kwa heshima. Kama unataka ziwa, lala kando ya ziwa. Kama huna mpango wa kulala, kunywa chai uendelee mbele.

Sisi tuligeuka nyuma. Jumapili jioni, wikendi ya sikukuu, kutoka Naivasha kwenda Nairobi! Mkenya yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Tuliondoka saa kumi. Saa moja usiku tulikuwa bado kwenye mteremko, taa nyekundu mbele yetu hadi mbinguni, malori yakinguruma, watoto wakiuza mahindi na njugu dirishani. Mama Mkubwa hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniua. Alifungua swala yake kwenye kiti cha gari. Tulipanda zile ngazi za ghorofa ya nne saa nne usiku, na kwenye ghorofa ya tatu akasimama, akashika ukuta.

"Kesho nalala Nakuru," akasema. "Hata kama ni sakafuni."

Mwenye chumba hakurudisha pesa za usiku uliobaki. Sina neno naye, niliyelipa usiku saba kwa mpigo ni mimi. Siku hizi nalipia usiku mbili, nikipapenda naongeza.

Jumatatu asubuhi tukapanda bonde tena, safari hii na mabegi, na ajabu ni kwamba barabara ile ile iliyokuwa adhabu ikawa safari. Hakuna aliyekuwa akiangalia saa. Tulisimama Gilgil kununua viazi. Tulisimama juu ya Elementaita tukatazama ziwa limelala kama sinia. Tulipoingia Nakuru mijakaranda ilikuwa imechanua, zambarau juu na zambarau chini, na Zuhura akaniuliza kwa nini sikuwahi kuwaambia. Sikuwa na jibu. Napita chini ya miti ile kila siku nikifikiria madeni.

Walilala kwangu. Mimi nililala dukani, kati ya rejeta na mikanda. Ndoo ya bafuni haikumsumbua mtu.

Sasa hapa ndipo nataka kueleza kwa kirefu, maana ndipo nilipojifunza jambo. Katika daftari, siku ya Nakuru niliigawa hivi: jumba la Lord Egerton, nusu siku, Menengai, saa mbili, nyumba za reli, dakika 15, "picha tu". Niligawa muda kufuatana na umaarufu wa mahali.

Tukaanza na jumba. Liko upande wa Njoro, kilomita kumi na kitu kutoka mjini. Maurice Egerton alikuwa lodi wa Kiingereza aliyechukua mashamba huku, akaanzisha shule ya kilimo mwaka 1939 ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton. Jumba alianza kulijenga mwaka 1938, vita vikamkatiza, likaisha 1954. Vyumba ni zaidi ya 50. Alikufa 1958, hakuwa hata amelizoea. Anayekutembeza atakusimulia hadithi ya mwanamke aliyemkataa, kwamba nyumba ya kwanza mwanamke aliiona ndogo, akajenga hili, bado akakataliwa, ndipo akapiga marufuku wanawake kukanyaga mali yake. Ukweli wa hadithi hiyo siwezi kuuapia, ila inasimuliwa kwa ufundi. Mama Mkubwa alisikiliza hadi mwisho, katikati ya ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba.

"Vyumba hamsini na kitu, mtu mmoja," akasema. "Alikuwa akivilalia kwa zamu?"

Kijana aliyekuwa akitutembeza alicheka hadi akaegemea mlango. Ndani ya dakika 40 bibi alikuwa amemaliza. Akakaa bustanini na kusema mwanamke yule alikuwa na akili, nyumba kama hii nani ataifagia.

Saa sita tukaenda nyumba za reli, zile ambazo wazee bado wanaziita Landhi. Nilimwambia dereva asizime injini. Mama Mkubwa alishuka akasimama katikati ya mistari ya vyumba, akanusa hewa, kisha akaanza kutembea bila fimbo. Alihesabu milango kwa sauti. Akakosea, akarudi, akahesabu kutoka upande wa bomba la maji. Mlango wa saba. Akabisha hodi.

Alifungua mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, uso wa mtu anayedhani amekuja mkusanya kodi. Mama Mkubwa akajieleza. Yule mama akatazama viatu vyake, akatutazama sisi, akasema, "Ingieni basi, nyanya, ingawa ni padogo." Huku kwetu bara bibi ni nyanya, na Zuhura alibana kicheko, maana kwa Mombasa nyanya iko kwenye mchuzi.

Chumba kilikuwa kimoja. Mama Mkubwa akakipima kwa hatua: nne kwa tano. Humo walilala saba. Hapa kitanda cha baba na mama, pazia, hapa mkeka wa wasichana, wavulana walilala jikoni kwa jirani. Akaonyesha ukutani mahali ambapo kulikuwa na msumari wa kofia ya babu. Tulipokaribia tukaona tundu, limepakwa rangi mara nyingi lakini tundu lipo. Sijui kama lilikuwa la msumari ule ule. Sikuuliza.

Kufikia saa nane majirani walikuwa wamekusanyika. Akaja mzee mmoja aliyestaafu reli, akataja majina ya madereva wa treni wa zamani, Mama Mkubwa akayajibu kwa majina ya wake zao. Chai ililetwa ya maziwa tupu, tukatoa maembe. Alieleza jinsi wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya Mau Mau, askari walivyokuwa wakigonga milango usiku, akaeleza uzio wa klabu ya wazungu ambao yeye na wenzake walikuwa wakiuchungulia wapate kuona mipira ya tenisi, na jinsi mpira ukivuka uzio ulivyokuwa mali yao. Dereva alikuwa amezima injini zamani na amelala. Tuliondoka saa kumi na moja na nusu. Menengai hatukuiona kwa karibu, tuliiona kwa mbali, imekaa pale kama kawaida yake, shimo la kilomita 12 kwa 8 ambalo halikimbii.

Nimekwenda tena Landhi mara mbili tangu siku hiyo, bila mgeni.

Kuhusu chakula niseme haraka kwa wenye wazee Waislamu: ukifika Nakuru shukia Bondeni, utapata nyama halali na pilau, na msikiti hauko mbali. Mimi nilikuwa sijaandika hata mstari mmoja wa chakula. Na mbebe vitambulisho. Makumbusho na mbuga huwa na bei ya mwananchi na bei ya mgeni, na mara nyingi nyingine ya watu wa Afrika Mashariki. Salim na hati yake ya Tanzania aliokoa pesa nzuri kwa kuuliza tu. Mbugani malipo ni kwa simu, noti zako utarudi nazo.

Kwenda Kisumu nilitamani treni. Ya abiria ilirejea Desemba 2021, lakini wakati ule ilikuwa inaondoka Nairobi Ijumaa jioni na kusafiri usiku. Hata ingelingana na siku zetu, ungepita milima ya Mau gizani, na kupita Mau gizani ni kama kula pilau ukiwa na mafua. Tukaenda kwa gari. Baada ya Salgaa barabara inapanda, na malori hapo si ya kuchezea, kwa hiyo tulimsihi dereva aende mchana na polepole. Makubaliano na dereva, kwa njia, yawekwe kabla: mafuta nani, kulala kwake nani, kula kwake nani. Sisi tuliyaweka njiani, kwa aibu pande zote mbili.

Nilimwambia Mama Mkubwa alete nguo nyepesi kwa sababu Kisumu kuna joto. Kweli kuna joto, iko mita 1,100 na kitu tu juu ya bahari. Nilichosahau ni kwamba kati ya Nakuru na Kisumu unavuka milima ya zaidi ya mita 2,400. Londiani tulikuta ukungu wa kukata kwa kisu. Mwanamke wa pwani, dira la kotoni, meno yanagongana. Tukaingia kibanda kimoja kando ya barabara, kuni zinawaka, mwenye kibanda akamvua mtoto wake sweta kubwa la shule akampa. Likamfika viwikoni. Akalinywea chai vikombe vitatu, akitazama nje misonobari inavyotokea na kupotea kwenye ukungu, na akasema hajawahi kuona mahali penye baridi ya kistaarabu namna hii. Nilitaka tuondoke baada ya robo saa. Sikusema kitu. Tukakaa saa moja na nusu.

Kericho ilitunyeshea, kama inavyomnyeshea kila mtu alasiri. Kisha ukashuka mteremko, masikio yakaziba yakazibuka, miwa, mpunga wa Ahero, na joto likaingia dirishani kama mgeni asiyebisha hodi. Sweta likavuliwa.

Kisumu tulilala usiku mbili chini ya vyandarua, na hilo nililisisitiza, maana mtu wa Nakuru husahau mbu na malaria ya ziwani haisahau mtu. Mji wa zamani unatembeleka asubuhi mapema kabla jua halijakasirika. Kwenye barabara ya Oginga Odinga kuna mnara wa saa wa mwaka 1938, wa kumbukumbu ya mfanyabiashara Kassim Lakha. Mama Mkubwa aliufurahia kuliko jumba la lodi, akisema angalau huu unamwambia mpita njia saa ngapi. Tukala ngege mzima na ugali huko Dunga. Alikiri samaki ni mtamu, akaongeza kwamba angekuwa mtamu zaidi akipata nazi.

Bandarini ndiko alikotaka kufika. Kisumu iliitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa injinia wa ujenzi, ambaye ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho Desemba 1901, zaidi ya kilomita 900 kutoka Mombasa. Meli za kwanza za ziwa zililetwa vipande vipande zikaungwa hapa, na baadaye zikaja meli kama Uhuru, inayobeba mabehewa yenyewe juu ya sitaha. Tulisimama mahali ambapo unaona reli na maji kwa pamoja. Hapakuwa na la kutazama sana: chuma, kutu, magugu, kongoti wawili. Mama Mkubwa aliuliza upande upi ni Mombasa. Salim akamwonyesha kwa kufuata reli kwa kidole. Akatazama huko muda mrefu, kisha akauliza kama kuna choo karibu.

Walirudi Nairobi kwa ndege kutoka Kisumu, chini ya saa moja angani, wakaunganisha treni ya Mombasa. Mji mkuu haukuwasumbua tena kwa sababu hawakuuomba kitu. Kama ningepanga upya, ningewapa Nairobi siku moja na nusu, ningewalaza Nakuru usiku tatu, Kisumu mbili, na ningefuata reli mbele tu bila kugeuka nyuma. Vingine ningeacha wazi.

Wiki iliyopita amepiga tena. Nikafungua daftari, ukurasa mpya, kalamu tayari. Anataka Londiani, siku tatu, basi. Nilipomuuliza Londiani atatembelea nini akasema pale pale kibandani, na kwamba safari hii anakuja na sweta mbili, moja yake na moja ya kumrudishia mtoto wa watu.